Mzigo na Mgongo
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu akiumia mgongo kazini kwa kunyanyua mzigo, neno la kwanza alisikialo aghalabu si pole. Huambiwa, "Hukujua kubeba." Wenziwe humwambia kwamba ilimpasa kukunja magoti, msimamizi wake humwambia vivyo hivyo, na afikapo nyumbani ataambiwa tena na jirani ambaye hajapata kubeba gunia hata siku moja. Neno hili limekuwa kama hukumu iliyokatwa kabla ya kesi kusikilizwa. Katika makala haya nataka kuwaonyesha wasomaji wa gazeti letu kwamba mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Mashahidi wangu wengi nitawatoa mbali, katika kazi ya watu wapelekao barua na vifurushi nchini Marekani, kwa sababu kazi ile imepimwa na kuchunguzwa sana na mambo yake yameandikwa. Lakini kesi yenyewe ni ya kwetu pia.

Kazi ya vifurushi huko Marekani ina sehemu mbili kubwa. Wako wapakiaji, ambao husimama katika maghala usiku na alfajiri, masanduku yakiwajia juu ya mkanda unaotembea, nao huyatoa na kuyapanga ndani ya magari. Kisha wako madereva, ambao huyachukua masanduku hayo na kuyafikisha mlangoni kwa mwenyewe. Dereva mmoja aweza kutoa mamia ya vifurushi kwa siku moja. Hukaa kitini gari likimtikisa, husimama, huinama nyuma ya gari, huvuta sanduku, hushuka ngazi, hupanda baraza ya mtu, hurudi mbio, na kukaa tena. Kwa kuwa siku hizi watu hununua kwa simu kila kitu, kuanzia kitabu hadi chakula cha mbwa na vyuma vya kufanyia mazoezi, sanduku moja laweza kuwa jepesi kama kofia na lifuatalo likawa zito kama mtoto wa darasa la tatu, nayo kwa nje yafanana. Kazi hii imo miongoni mwa kazi zenye majeruhi wengi katika nchi ile, na mgongo ndio uumiao sana.

Ili tuelewe kwa nini, yafaa kwanza tutazame mgongo wenyewe. Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Toka shingoni hadi kiunoni kuna pingili 24, yaani 7 za shingo, 12 za kifuani na 5 za kiuno. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, ambacho kwa nje kimezungukwa na nyuzi ngumu zilizopishana kama msuko wa mkeka, na katikati kina ute mzito kama jeli. Visahani hivi ndivyo vituwezeshavyo kuinama na kugeuka. Visahani viwili vya chini kabisa ndivyo vichukuavyo taabu kubwa, na ndivyo vichanikavyo mara nyingi. Nyuzi zikichanika sana ule ute huchungulia nje na kuubana mshipa wa fahamu uendao mguuni; ndiyo maana mtu aliyeumia kiuno huweza kulalamika kwamba unyayo wake wafa ganzi, na watu wakamcheka.

Lipo jambo moja hapa ambalo mimi nililiona la ajabu nilipolisoma. Ndani ya kisahani kilicho kizima hamna mishipa ya kusikia maumivu. Mishipa hiyo iko pembeni tu. Kwa hiyo kisahani chaweza kuanza kuchakaa ndani, siku baada ya siku, na mwenyewe asisikie lolote. Atakaposikia, atasema, "Ni lile sanduku la jana." Kumbe lile la jana ndilo la mwisho tu katika maelfu. Sanduku la mwisho husingiziwa dhambi za yote yaliyolitangulia.

Sasa na tufanye hesabu kidogo, ya wenzo, ambayo kila aliyesoma Fizikia ataifahamu. Watoto wawili wakicheza pembea ya ubao, aliye mwepesi akiketi mbali na egemeo aweza kumwinua mzito aliyeketi karibu. Mgongo wetu ni pembea ya namna hiyo, ila umbali wa pande zake mbili umepishana mno. Egemeo ni kile kisahani cha chini. Nyuma yake kuna misuli ya mgongo, ambayo iko karibu sana, yapata sentimita 5 tu toka kwenye egemeo. Mbele yake kuna mzigo. Chukua sanduku la kilo 20 ulishike sentimita 25 toka kwenye uti wa mgongo. Ishirini mara ishirini na tano ni mia tano. Gawanya kwa tano, wapata mia. Basi misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 100 ili kulishikilia sanduku la kilo 20. Lisogeze sanduku hilo hilo mbele mpaka sentimita 50, na nguvu hiyo huwa kilo 200. Sanduku halikuongezeka hata chembe! Na nguvu hiyo yote ya misuli hukibana kisahani, pamoja na uzito wa sanduku, pamoja na uzito wa kichwa, mikono na kifua cha mtu mwenyewe, ambavyo navyo huning'inia mbele kila ainamapo. Hesabu hii ni ya makisio, lakini njia yake ni ya kweli.

Kwa hiyo mtu aulizapo, "Mzigo huu una uzito gani?" mizani humpa nusu ya jibu tu.

Jambo jingine ni saa. Tulalapo usiku visahani hunywa maji na kuvimba kidogo, na mchana hukamuliwa tena kwa uzito wetu. Ndiyo sababu kila mtu huwa mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni, kwa sentimita moja au zaidi. Asiyeamini na ajipime ukutani. Kisahani kilichovimba hukaza mtu ainamapo, kama puto lililojaa, na hivyo saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa kuinama na kunyanyua. Lakini hiyo ndiyo saa ambayo mpakiaji wa vifurushi, na hamali wa sokoni, na mpakiaji wa basi la alfajiri, huwa katika kilele cha kazi yake.

Iko taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, iitwayo kwa kifupi NIOSH. Mwaka 1981 taasisi hii ilitoa kanuni ya hesabu ya kukadiria mzigo ambao mtu mzima aweza kuunyanyua kwa mikono miwili bila hatari kubwa, na mwaka 1991 ikairekebisha. Kanuni hiyo huanza na kilo 23. Kilo 23 ni ruhusa ya hali njema kabisa, yaani mzigo uko karibu na mwili, sentimita 25 toka vifundoni mwa miguu, mikono iko kwenye kimo cha sentimita 75 toka chini, karibu na kiuno, mtu hajipindi, mzigo una mahali pazuri pa kushika, haunyanyuliwi mbali, wala hanyanyui mara kwa mara. Kila sharti likivunjwa, kanuni hukata sehemu ya zile kilo 23.

Tazama jinsi zinavyokatwa. Mzigo ukiwa sentimita 50 badala ya 25, ruhusa hushuka nusu, zikabaki kilo 11 na nusu. Mzigo huo ukiwa chini sakafuni, hushuka tena mpaka karibu kilo 9. Mtu akilazimika kujipinda robo ya mzunguko ili kuuchukua, zabaki kilo 6 na kidogo. Na akifanya hivyo mara moja kila dakika kutwa nzima, ruhusa haifiki kilo 5. Nimeacha vipimo vingine ambavyo vingeipunguza zaidi. Kilo 5 ni begi la vitabu la mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza!

Nilipomaliza hesabu hii nilimkumbuka baba yangu mdogo. Yeye kwa miaka tisa alipakia vifurushi na mizigo katika mabasi yaendayo mikoani, kwani kwetu vifurushi vingi husafiri kwa basi pamoja na abiria. Waliopata kuliona buti la basi wajua lilivyo. Ni pango lililo chini ya sakafu ya abiria, refu kwenda ndani, na mdomo wake ni mfupi. Mpakiaji hawezi kusimama, wala hawezi kuchuchumaa vizuri, bali huinama kiunoni na kunyoosha mikono, au huingia ndani kwa magoti na kuvuta mzigo huku amejipinda. Siku moja alfajiri alivuta mfuko wa saruji uliokuwa ndani kabisa, nao una kilo 50, akabaki pale pale hawezi kuinuka. Aliambiwa hajui kubeba. Je, angekunja magoti vipi ndani ya buti? Angeuweka mzigo karibu na kifua kwa njia gani, na mzigo uko urefu wa mkono mbele yake? Mwenye basi alisema si mwajiri wake. Mwenye saruji alisema si mwajiri wake. Wakala alisema humlipa kwa siku na siku ile alikwisha kumlipa. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, nao huchangiwa na waajiri. Lakini baba mdogo hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alipata kuajiriwa na mtu yeyote. Sasa anauza maji na biskuti, naye hawezi kuketi kwa zaidi ya nusu saa.

Na turudi Marekani, maana huko jambo hili la uzito lilipata kugombewa hadharani. Kampuni ya vifurushi iitwayo UPS kwa miaka mingi ilikuwa haipokei kifurushi kizidicho ratili 70, yaani karibu kilo 32. Mwaka 1994 ilitangaza kwamba tangu sasa itapokea hadi ratili 150, yaani kilo 68. Wateja walifurahi. Wafanyakazi walistaajabu. Mizani iliruka zaidi ya mara mbili, na mikono ikabaki ile ile miwili. Chama cha wafanyakazi wa usafirishaji kiitwacho Teamsters, ambacho rais wake wakati huo, Ron Carey, alipata kuwa dereva wa vifurushi wa kampuni hiyo hiyo, kiliita mgomo tarehe 7 Februari, ijapokuwa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuuzuia. Mgomo ulidumu siku moja tu. Kampuni ilikubali kwamba mfanyakazi hatalazimishwa kunyanyua peke yake kifurushi kizidicho ratili 70. Atapewa mwenzake wa kumsaidia au chombo cha kunyanyulia. Tena vifurushi vizito vibandikwe alama, ili mtu ajue kabla hajaweka mkono.

Kwa maoni yangu ile alama ni ushindi mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mwili hujitayarisha kwa kile macho yalichoona. Mtu akidhani sanduku ni jepesi kumbe ni zito, misuli hushtukizwa, na mshtuko ule waweza kudhuru zaidi ya uzito wenyewe. Posta ya Marekani nayo mpaka wake ni ratili 70. Hata katika viwanja vya ndege kuna mpaka wa namna hii: mashirika mengi huruhusu begi la kilo 23, na hayapokei kabisa begi lizidilo kilo 32. Abiria wengi hudhani ndege ndiyo itakayolemewa. Ndege haina habari na begi moja. Ni mgongo wa mpakiaji unaohesabiwa hapo.

Wazee wetu watatabasamu wakisikia habari ya ratili 70. Katika misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji karne ya 19, mzigo wa mpagazi kwa desturi ulikuwa kama frasila mbili, na frasila ni yapata ratili 35. Mbili ni ratili 70! Sisemi kwamba Wamarekani waliiga kwa Wanyamwezi. Nasema kwamba watu wawili walio mbali kwa bahari na kwa karne, wote wakiwa wabebaji wa kazi, walifikia karibu na mpaka ule ule. Wapagazi walijulikana kwa ukali juu ya mizigo yao wakati wa kugawana asubuhi, na wasafiri wengi wa Ulaya waliandika kwa hasira juu ya ubishi huo. Mimi nadhani ubishi ule ulikuwa na akili.

Sasa nafika kwa shahidi wangu mkuu. Wale wasemao "hukujua kubeba" husema pia kwamba dawa ni mafunzo. Basi, Posta ya Marekani ilijaribu jambo hilo kwa kipimo cha kweli. Wataalamu waliwachukua wafanyakazi wa posta wapatao 4,000, wakafundisha baadhi yao namna ya kunyanyua, namna ya kusimama, mazoezi na kadhalika, na wengine wakaachwa bila kufundishwa ili walinganishwe. Walifuatwa kwa miaka mitano na nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997 katika gazeti la madaktari liitwalo New England Journal of Medicine. Katika muda huo watu 360 waliripoti kuumia kiuno. Na waliofundishwa? Maarifa yao ya kubeba yaliongezeka, hilo lilionekana. Lakini kuumia kwao hakukupungua kuliko kwa wale ambao hawakufundishwa. Walijua zaidi, wakaumia sawasawa.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia iwapo haiwezekani kwamba walimu wa kule hawakufundisha vizuri. Alinijibu kwamba maswali ya namna hiyo ni mazuri, na ndiyo sababu wachunguzi wengine walirudia jambo hilo mahali pengi. Na waliokusanya uchunguzi huo wote wamekuta vivyo hivyo, kwamba mafunzo ya kunyanyua yakiwa peke yake hayazuii maumivu ya mgongo. Hata ule mkanda mpana wa kiunoni ambao wabebaji wengi huuvaa ulipimwa. Uchunguzi mmoja wa NIOSH, uliotolewa mwaka 2000, uliwatazama wafanyakazi wa maduka zaidi ya 9,000 na haukuona kwamba mkanda ulipunguza majeruhi.

Asinielewe mtu vibaya. Kukunja magoti na kuukumbatia mzigo ni jambo jema pale inapowezekana, na hesabu ya wenzo yaonyesha kwa nini kuukaribia mzigo hupunguza taabu. Ninalokataa ni kumpa mtu mzigo wa kilo 68, ndani ya gari lenye dari fupi, saa kumi na moja alfajiri, kisha kumpa na karatasi yenye picha ya mtu aliyekunja magoti, na akiumia kumwambia hakusoma karatasi. Karatasi ni rahisi kuliko mashine. Ndiyo maana waajiri huipenda.

Serikali ya Marekani ilijaribu kuingiza mambo haya katika sheria. Mwezi wa Novemba 2000 ilitoa kanuni za kuwataka waajiri warekebishe kazi ziumizazo misuli na viungo. Waajiri walisema gharama ni kubwa mno. Mwezi wa Machi 2001 Bunge lao lilizifuta, na Rais George W. Bush akatia sahihi. Zilikuwa hazijamaliza hata nusu mwaka.

Na kwetu je? Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 1967 lilipitisha mkataba kwamba mfanyakazi asibebeshwe mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru, na katika pendekezo lililofuatana nao likataja kilo 55 kuwa kikomo cha mwanamume mtu mzima, na pungufu sana ya hapo kwa wanawake na vijana. Sheria yetu ya vipimo hapa Tanzania, nayo, inakataza lumbesa, na kikomo chake cha gunia la mazao ni kilo 100. Sheria hiyo imetungwa kumlinda mkulima asipunjwe na mfanyabiashara, na kwa hilo ni njema sana. Lakini aliye chini ya gunia hakufikiriwa humo, kwa maana kilo 100 za halali ni karibu mara mbili ya zile 55. Jirani zetu wa Kenya waliweka kilo 50 kwa gunia la viazi katika kanuni zao za mwaka 2019. Huko nako wafanyabiashara walipinga, lakini neno lenyewe limeandikwa.

Nikiulizwa ni nini basi kifaacho, nitasema kwamba vitu vilivyosaidia ni vile vinavyobadilisha mzigo au mahali, si vile vinavyomlaumu mtu. Gunia moja la kilo 100 likifungwa kuwa manne ya kilo 25, hamali atakwenda safari nyingi zaidi, na mwenye mali atalalamika kwa muda. Hata hivyo gunia ni lile lile na mgongo ni mzima. Rukwama ya magurudumu mawili haigharimu sana, na fundi yeyote wa kuchomelea aweza kuitengeneza. Ubao wa kuteleza toka kwenye lori humwondolea mtu kazi ya kushusha. Mizigo mizito iwekwe kwenye kimo cha kiuno, na ile myepesi ndiyo iende chini au juu. Uzito uandikwe juu ya mzigo. Na watu wawili wawekwe kwa mzigo wa watu wawili, badala ya kumsifu mmoja kwamba ni shujaa. Sifa hiyo imewavunja wengi. Kijana wa miaka kumi na saba hawezi kukataa gunia mbele ya wenzake.

Kwa wazazi wafanyao kazi hizi, liko neno moja la kidaktari ambalo nimeona lisiachwe. Maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe katika wiki chache, na madaktari siku hizi hawashauri kulala kitandani siku nyingi. Hushauri mtu atembee kadiri awezavyo. Lakini mguu ukilegea, au sehemu za siri zikifa ganzi, au mtu akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, basi asingoje kukandwa wala kuchuliwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani mishipa ya fahamu ikibanwa hivyo kwa muda huweza isipone tena.

Hapa shuleni mahindi na maharage yetu huletwa kwa lori, nasi wanafunzi wa zamu huwasaidia wapakiaji kuyaingiza stoo. Muhula huu, kwa ruhusa ya mwalimu wa stoo, wanafunzi sita wa darasa la Fizikia tulipima magunia sita kwa mizani. Manne yalizidi kilo 100. Tulizipeleka namba hizo kwa Mkuu wa Shule pamoja na hesabu ya wenzo, tukaomba chakula kinunuliwe katika mifuko ya kilo 25 au 50. Mkuu ameliweka ombi letu mbele ya Bodi, maana mkataba wa mletaji haujaisha. Wakati tunangoja, fundi wa shule ametengeneza jukwaa la mbao mlangoni pa stoo, lenye kimo cha sentimita 75, na ubao wa kuteleza toka kwenye lori hadi hapo. Gunia hushuka lenyewe, likatua kwenye kimo cha kiuno, na wawili huliweka juu ya rukwama. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wamekatazwa kuyagusa magunia. Kazi yao ni kushika mlango.